Nyasi za Jumatano

Ayinpoka alirudi kutoka shuleni bila utepe wake wa buluu, na Bibi Talata akaliona hilo kabla hajaona kitu kingine chochote. Kwa miezi mitatu mtoto yule hakuwahi kuingia ua ule bila utepe shingoni, na kikadi chake kilichoandikwa jina lake na maneno Kiongozi wa Kompyuta. Alikula nao, alichota maji nao, na mara moja bibi alimkuta amelala nao. Sasa shingo ilikuwa tupu na macho yamevimba.

Bibi hakuuliza. Alikuwa amekaa kivulini na kikapu kilichofika nusu, nyasi zimelowekwa kwenye beseni kando yake. Alisogea kidogo kwenye mkeka, na mtoto akaja akakaa pale alipopishwa.

Aliyeuliza ni Lamisi, mama yake, aliyekuwa akikoroga chungu cha pombe ya mtama upande wa pili wa ua.

"Utepe uko wapi?"

"Mwalimu mkuu ameuchukua."

"Ameuchukua? Umeiba nini?"

"Sijaiba, mama."

"Umevunja mashine?"

"Sijavunja."

"Basi umefanya nini? Mtu havuliwi kitu shingoni hivihivi kama mbuzi aliyeuzwa."

Ayinpoka alitazama miguu yake. "Nilimsaidia Mwalimu Abugre," alisema.

Lamisi aliacha kukoroga. Hata bibi aliinua kichwa.

Mwaka ule shule ya Zobisi ilikuwa imepewa kompyuta kumi na mbili, na walimu wengi hawakuwa wamewahi kugusa hata moja. Mwalimu kijana, Awinongo, ndiye aliyepata wazo la kuchagua wanafunzi sita, akawafundisha yeye mwenyewe, kisha kila Jumatano baada ya masomo kila mwanafunzi alikaa na mwalimu mmoja na kumwonyesha. Watu walishangaa mwanzoni, mtoto amfundishe mwalimu wake! Lakini walizoea. Ayinpoka alifanywa mkubwa wa wale sita kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alipewa Mwalimu Abugre, ambaye alikuwa amebakiza mihula miwili astaafu, na ambaye alimfundisha kusoma karibu kila mtu mwenye umri wa chini ya miaka arobaini kijijini pale.

Jumatano ya jana, Mwalimu Abugre alikuwa akitafuta orodha ya alama za darasa lake. Alishika kipanya kama mtu aliyeshika yai. Mkono ulitetemeka, mshale ukaruka huku na kule kwenye kioo, na watoto wadogo waliojazana dirishani walikuwa wakichungulia. Ayinpoka alingoja. Kisha akachoka kungoja, akakipokonya kipanya mkononi mwake.

"Lete hapa, Mwalimu," alisema. "Kwa mwendo wako tutalala hapa."

Dirisha zima likacheka.

Mwalimu Abugre alisimama, akachukua kofia yake, akaweka mezani msumari aliokuwa ameuokota sakafuni ili usimchome mtoto, akatoka. Leo hakuja shuleni. Katika miaka thelathini na nne hakuwahi kukosa kuja ila siku alipomzika baba yake.

"Mwalimu mkuu amefunga chumba," Ayinpoka alimaliza. "Amesema mpaka Mwalimu Abugre arudi kwenye kiti kile kwa hiari yake, hakuna kidole kitakachogusa mashine. Na watu wa elimu wanakuja mwisho wa muhula. Wakikuta walimu hawazitumii, zinapelekwa shule nyingine. Wenzangu wote hawasemi na mimi."

"Wana haki," alisema Lamisi. "Mimi nisingesema na wewe pia, ila nimekuzaa. Abugre! Mtu aliyekuja hapa na mvua kuniambia nisikuozeshe, nikuache usome! Sasa sikiliza. Kesho unakaa na bibi yako, unasokota nyasi. Kikapu kinatulisha. Huo utepe umewahi kutununulia chumvi?"

"Nilifanya haraka tu, mama. Nilitaka kumsaidia."

"Ulitaka uonekane."

Mtoto alilia basi, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Bibi Talata aliweka mkono mgongoni pake na kuuacha hapo.

"Mke mwenzangu," alimwambia, kwa maana ndivyo alivyozoea kumtania, "hebu nawa uso. Jumatatu tutakwenda kwa Mwalimu."

"Atanifukuza."

"Akitufukuza tutarudi nyumbani. Njia tunaijua."

*

Siku ya kwenda, bibi alikamata kanga mmoja wa kuombea radhi, yule jike mwenye kelele, akamfunga miguu. Lamisi aliona na akanuna, kwa sababu kanga yule alikuwa akitaga vizuri. Lakini walipofika mlangoni alimwita mama mkwe wake, akamtilia njugu za kola mbili, za kumheshimu mwenyeji, kwenye pindo la nguo.

"Usimwambie ni zangu," alisema.

Walimkuta Mwalimu Abugre chini ya kibanda cha kivuli mbele ya nyumba yake, amevaa fulana. Bibi Talata hakuwahi kumwona bila shati la mikono mirefu, na moyo ulimwuma kidogo. Aliwakaribisha, wakachuchumaa, wakasalimiana kama inavyopasa.

"Jua linasemaje?"

"Linaunguza, Mwalimu."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Lamisi?"

"Mzima."

"Mwanao Awuni huko Kumasi?"

"Anasalimia."

"Na mtoto?"

Hapo bibi alimgusa mtoto bega. "Mtoto huyu hapa," alisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Salamu ziliisha. Bibi aliusikiliza uwanja: ndani kulikuwa na mkwe wa Mwalimu, alisikika akipanga vibuyu, na hakuna aliyemwambia alete maji ya unga. Mgeni akifika Zobisi hupewa kibuyu cha maji yaliyokorogwa unga wa uwele hata kabla hajasema lililomleta. Wao walikaa na midomo mikavu. Ayinpoka naye alilijua hilo, na alizidi kujikunja.

"Sema," bibi alimnong'oneza.

Mtoto alisema. Alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima, lakini yalitoka yamechanganyika, na katikati akasahau.

"Hukukosea," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Wewe una haraka, mimi ni mzee. Basi. Kila mtu na wakati wake."

"Si hivyo, Mwalimu."

"Ni hivyo. Tazama." Alinyoosha mkono wa kulia, nao ukatetemeka hewani. "Chaki ilikuwa inauficha. Ubao ni mkubwa, mtu anaandika na bega. Lakini kile kidude, kinauonyesha mkono wangu kwenye kioo, dirisha zima linatazama. Ningeweza kuvumilia kutojua. Lakini kutetemeka mbele ya watoto wa darasa la pili!"

Alicheka kidogo, peke yake. Kanga alipiga kelele mara moja akanyamaza.

Bibi Talata aliona kwamba wakiondoka sasa, mambo yamekwisha, kwa adabu na kwa amani, na chumba kile hakitafunguliwa tena. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitafuta la kusema akakuta moja tu, la zamani.

"Mwalimu, unakumbuka uliponifundisha kuandika jina langu? Siku tisa."

"Kumi na moja," alisema Mwalimu Abugre. "Mbili ulikwenda soko la Bolga, lakini ulirudi nyumbani na ukaandika majivuni. Uliniambia."

"Kumi na moja, basi. Wanawake wenzangu wote darasani walikuwa wamemaliza majina yao na ya waume zao, mimi niko kwenye herufi ya pili. Na Asibi ananicheka."

"Asibi alimcheka kila mtu."

"Nilikuwa nakutazama. Nilitamani unishike mkono uniandikie, tumalize. Hukunishika hata mara moja. Ulisimama tu nyuma yangu, mikono nyuma, na chaki mkononi. Suruali yako huku nyuma yote ilikuwa nyeupe. Tulikuwa tunacheka ukigeuka."

"Mlikuwa mnanicheka?"

"Kila siku."

Mwalimu alijitazama, kana kwamba chaki bado ipo. Kisha akacheka, na safari hii hakucheka peke yake.

"Nimejiuliza miaka yote hii," bibi alisema, "wapi ulijifunza uvumilivu ule. Chuoni?"

"Chuoni wapi! Kwa mama yako."

"Mama yangu yupi?"

"Talata, una mama wangapi? Mimi nilisuka vikapu uani kwenu, wewe ulikuwa ungali mgongoni. Nilikuwa natafuta hela ya madaftari. Siku moja dada yangu alikuwa amekosea kwenye kitako cha kikapu chake, nikaingiza mkono nimrekebishie. Mama yako alinichapa vidole na nyasi mbichi. Aliniambia, ukitia mkono wako kwenye kikapu cha mwenzio, kikapu kinakuwa chako, na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwambie kwa mdomo. Kama huwezi kungoja, sokota nyasi."

Bibi Talata aliijua sheria ile tangu utotoni. Wasukaji wote wa Zobisi waliijua, kwamba kikapu cha mwanafunzi hakiguswi mpaka kimekwisha, hata kiwe kimepinda kama mkate ulioangushwa. Alikuwa amemwambia Ayinpoka hivyo mara mia, hapo kwenye mkeka. Lakini kwamba sheria ya mama yake ilitoka uani, ikaenda shuleni na kijana wa watu, ikarudi kwake yeye mwenyewe miaka mingi baadaye na kumpa jina lake, hilo hakulijua. Alifuta macho kwa pindo la nguo, na njugu za Lamisi zikadondoka.

"Ni zako," alisema. "Sijui zimetoka wapi."

Mwalimu Abugre aliziokota. Alimgeukia Ayinpoka.

"Wewe unasuka?"

"Nasuka, Mwalimu."

"Na bibi yako akikosea, unamnyang'anya kikapu?"

"Hapana!" mtoto alishtuka. "Siwezi!"

"Mm," alisema Mwalimu. Aligeuka kuelekea ndani. "Jamani, humo ndani! Wageni wamekaa na kiu tangu lini? Leteni maji ya unga!"

Hakuahidi lolote. Walipokuwa wakiaga, kibuyu kikiwa kitupu, aliuliza tu kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Jumatano ni kesho kutwa?"

"Kesho kutwa, Mwalimu," alisema Ayinpoka.

"Huyu kanga mrudisheni. Anapiga kelele."

*

Jumatano bibi alimfungia Ayinpoka fungu la nyasi zilizolowekwa, ndani ya kitambaa chenye maji.

"Za nini, bibi?"

"Za mikono yako. Iwe na kazi yake."

"Nikasokote shuleni? Watanicheka."

"Watacheka. Na wewe utasokota."

Bibi Talata hakuwa na shughuli yoyote shuleni siku ile. Hata hivyo alasiri ilimkuta amekaa kwenye baraza ya chumba cha kompyuta, na kikapu chake, akisema anangojea jua lipungue. Mwalimu mkuu alimkuta hapo akamwamkia, akampelekea kiti, na hakumwuliza kitu. Watoto walikuwa dirishani kama kawaida.

Mwalimu Abugre alifika amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Alisimama mlangoni mpaka mwalimu mkuu alipofungua kufuli. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kiti kile. Walimu wengine waliingia nyuma yake mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa.

Ayinpoka alisimama kando yake. Alitoa nyasi mbili, akaanza kuzisokota ugwe.

"Mwalimu, mkono uwekwe juu ya kipanya. Hivyo. Sogeza kulia."

"Nasogeza."

"Kulia kwako."

"Hiki nacho kina kulia kwake?"

"Taratibu tu. Mshale umefika juu."

"Umepotea."

"Haujapotea, upo kwenye kona. Vuta kwako. Vuta tena."

Mkono ulitetemeka. Mshale uliruka juu ya kidirisha alichokitaka, ukarudi, ukaruka tena. Dirishani mtoto mmoja alicheka, wa pili akamfuata.

"Nani huyo?" Mwalimu Abugre hakugeuka. "Ni Ayamga? Wewe uliyeandika jina lako kinyume mpaka darasa la tatu? Nilikucheka mimi?"

"Hapana, Mwalimu," ilisema sauti ndogo.

"Basi ingia uone vizuri. Ukiwa nje unaumia shingo."

Bibi Talata alitazama mikono ya mjukuu wake. Hakutazama kingine. Aliona kidole cha shahada kikinyooka kuelekea mezani, kisha kikarudi kwenye nyasi. Aliona ugwe ukikazwa, ukikazwa zaidi, mpaka ukakatika, na mtoto akachukua nyasi nyingine mbili bila kuangalia. Saa nzima ilipita hivyo. Walimu wengine walimaliza ya kwao wakageuza viti. Mwalimu Awinongo, yule kijana, alipiga hatua kuja kusaidia. Ayinpoka alitikisa kichwa, naye akarudi nyuma.

"Sasa bonyeza," alisema Ayinpoka. "Mara mbili, upesi."

Mwalimu alibonyeza. Haikufunguka.

"Upesi zaidi kidogo."

Alibonyeza. Kioo kikawa cheupe chote.

"Nimeharibu?"

"Umefungua, Mwalimu! Huo ni ukurasa wako. Andika chochote."

Mwalimu Abugre aliinama juu ya herufi, akizitafuta moja moja kama mtu anayeokota punje za mtama mchangani. Alibonyeza, akatafuta, akabonyeza. Herufi moja ilijirudia mara nne kwa sababu ya kutetemeka, na Ayinpoka akamwambia kwa mdomo jinsi ya kuzifuta, na akazifuta mwenyewe. Kisha akaegemea kiti.

"Talata," aliita. "Njoo usome."

Bibi alisimama, miguu imekufa ganzi. Aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapita katikati ya watoto, akaweka uso wake karibu na kioo. Alisoma kama alivyofundishwa, herufi kwa herufi, kwa kidole kisichogusa.

"Te," alisema. "A. Le." Halafu akaacha, kwa sababu jina lake mwenyewe hakuhitaji kulisoma zaidi.

"Wewe ilikuchukua siku kumi na moja," Mwalimu Abugre alisema. "Mimi ni saa moja tu. Mwanafunzi wangu huyu ananizidi kwa ualimu."

Mwalimu mkuu alitoa utepe wa buluu mfukoni. Ayinpoka hakuweza kuupokea, mikono ilikuwa na nyasi. Ikabidi ainamishe kichwa, na Mwalimu Abugre ndiye aliyemvika.

*

Watu wa elimu walikuja mwisho wa muhula, wakakuta walimu kwenye mashine na watoto sita wamesimama kando yao wakisokota nyasi. Mmoja aliuliza ni desturi gani hii. Mwalimu mkuu akamwambia ni kifaa cha kufundishia, na yule bwana akaandika. Kompyuta zilibaki.

Nyasi za muhula ule wote Bibi Talata alizikusanya, akasuka kikapu kimoja. Hakikutoka kizuri. Kila mkono husokota kivyake, mwingine unalegeza, mwingine unakaza, na mikono kumi na miwili ilifanya ukingo uende upande. Lamisi alikibeba sokoni Bolga pamoja na vingine, na ajabu, mnunuzi mmoja alikipenda hicho, akataja bei nzuri. Lamisi alifikiri kidogo. Kisha akamwambia kimeshanunuliwa, akarudi nacho.

Kipo mpaka leo kwenye chumba cha kompyuta, na ndimo vinamowekwa vipanya jioni. Mwalimu Abugre amestaafu. Hukaa chini ya kibanda chake na shati la mikono mirefu, na hupokea barua za wanafunzi wake kwenye simu aliyojifunza kuifungua mwenyewe. Ayinpoka anafundisha Tamale. Akija likizo, humsindikiza bibi yake mpaka shuleni, polepole, kwa sababu magoti ya bibi yamechoka. Bibi Talata hukalia kile kiti alichopelekewa siku ile, huomba kikapu, na hukipitisha mikononi akiwa amefumba macho. Pahali pamoja, karibu na kitako, ugwe umekazwa kuliko kwingine kote, mgumu kama waya, na umeungwa pale ulipokatika. Kidole chake kikifika hapo husimama.

"Hapa," humwambia mjukuu wake. "Hapa ndipo ulipongoja."